Stima Ilirudi Saa Moja, Sisi Tukarudi Saa Tatu

"Stima ilirudi saa moja na dakika kumi. Nyinyi mlirudi saa tatu na dakika tano. Hapo katikati mlikuwa wapi?"

Swali hilo tuliulizwa kwa simu na mama mmoja mwenye duka la gesi na unga kule Langas, asubuhi baada ya ile mvua iliyozima taa nusu ya mji. Sisi tuliopokea simu si mafundi. Tulisomea masoko, na kazi yetu hapa ni kuandika matangazo, jumbe za simu na kurasa kama hii unayosoma. Usiku ule ndio sisi tulioandika ujumbe uliofika kwenye simu za wengi wenu: "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliosababishwa na hitilafu ya stima." Tuliuandika kwa dakika tatu hivi, tukautuma, tukaenda kulala.

Mama hakupiga kelele. Alikuwa na saa zake zimeandikwa kwenye daftari la madeni, kwa sababu tangu saa moja jioni wateja walikuwa wakija, wanabonyeza simu, malipo hayapiti, naye anawajua, basi anawapa bidhaa kwa kuaminiana. Mtungi wa kilo sita, 1,200. Unga na mafuta ya kupikia, 480. Majina saba kwa saa mbili. Wawili kati yao alikuwa hajawaona tena. "Vijana wangu," akatuambia, "stima msiisingizie. Ilikuwa imesharudi, nilikuwa nauona mlingoti na taa yake."

Hatukuwa na jibu. Tukamwambia tutauliza.

Tulipouliza, tuligundua kwamba ujumbe wetu ulikuwa nusu ya ukweli, na hiyo nusu nyingine ndiyo iliyomgharimu mama. Stima ilikatika kweli. Lakini stima ilikaa nje kama nusu saa tu. Saa mbili zilizofuata zilikuwa zetu, na zilitokana na amri moja fupi ambayo hakuna aliyeiandika kwenye mashine miezi sita kabla. Tunaona mteja anayetuwekea pesa zake ana haki ya kuelewa hilo, kwa hiyo tutajaribu kulieleza jinsi mafundi walivyotueleza sisi, yaani polepole.

Kwanza, pesa yako haikai ndani ya simu. Wengi tunalijua hili kichwani lakini moyoni bado tunaamini pesa iko mfukoni. Iko kwenye rekodi ndani ya seva, na seva inaweza kuwa popote. M-Pesa ilianza Machi 2007, lakini hadi 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani. Mtu alikuwa anatuma mia mbili kutoka Huruma kwenda Turbo na hesabu yenyewe inafanyika Ulaya. Zetu ziko karibu zaidi, na ni chache, lakini kanuni ni ileile. Simu inauliza, seva inajibu.

Sasa, wateja wakiwa wengi seva moja haitoshi. Unaweka kadhaa, halafu mbele yao unaweka mashine nyingine ambayo kazi yake ni kugawa mzigo tu. Ukitaka picha yake, nenda steji ya magari ya Nakuru wakati wa kufunga shule. Kuna karani pale. Haendeshi gari, habebi mizigo, na nauli si yake. Anachofanya ni kuelekeza: hii imejaa, ingia ile, hiyo nyingine dereva hayupo, usipande. Mashine ya kugawa mzigo ni karani huyo. Kila baada ya sekunde chache inagonga kila seva kuuliza kama iko sawa, na isiyojibu haipelekewi abiria.

Karani akiugua steji inavurugika, kwa hiyo mashine hizo huwekwa mbili. Moja inafanya kazi, nyingine imekaa macho. Zinasalimiana muda wote, salamu ambazo mafundi wanaziita mapigo ya moyo. Ya pili ikikosa kusikia salamu za ya kwanza, inachukua anwani ya ya kwanza na kuendelea na kazi, na wewe kwenye simu hutajua kwamba karani amebadilishwa. Teknolojia hii si mpya, wala si ghali. Linux Virtual Server, mojawapo ya kongwe zake, ilianzishwa na Wensong Zhang huko China mwaka 1998, na ni ya bure. Zilizofuata, kama Keepalived na HAProxy, ni za bure pia, na makampuni makubwa kwa madogo yanazitumia. Kwa hiyo tulikuwa na kila kitu ambacho kitabu kinasema uwe nacho. Seva kadhaa, makarani wawili, betri za dharura, jenereta uani.

Kilichotokea ni hiki. Stima ilikatika. Betri za dharura zilikuwa zimechoka, zikazima kabla jenereta haijashika. Mashine zote zikalala. Stima iliporudi ilirudi kwa kishindo, kama inavyojua kurudi huku kwetu, na karani wa kwanza akaungua kifaa chake cha kupokea umeme. Hakuwaka kabisa. Hiyo ni bahati mbaya na haimlaumu mtu, ndio maana kuna wa pili.

Wa pili akawaka. Taa zote za kijani. Feni inazunguka. Ukimtazama kwa nje ungesema mzima. Lakini ndani yake ile programu ya kugawa mzigo haikuwa inafanya kazi, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameiambia mashine kwamba ukiamka, uiamshe na hiyo pia.

Hapa ndipo tulipowauliza mafundi: kwani programu hiyo ilikuwa inafanya kazi vipi kabla? Jibu lao lilitufanya tunyamaze kidogo. Kwenye mashine nyingi za Linux kuna amri mbili zinazofanana kwa sura. Ya kwanza ni "start": inaamsha programu sasa hivi. Ya pili ni "enable": haiamshi kitu sasa, inaandika tu kwamba mashine ikizimwa na kuwashwa tena, programu hii iamke yenyewe. Ukitoa ya kwanza peke yake, kila kitu kinafanya kazi. Unaijaribu, inafanya kazi. Unaondoka, inaendelea kufanya kazi, wiki, mwezi, miezi sita. Upungufu hauonekani mpaka siku mashine itakapozimika.

Sisi tusio mafundi tulielewa tulipokumbuka daftari la yule mama. Kuna deni lililo kichwani na deni lililo kwenye daftari. Siku ya leo yote mawili ni deni, unayakumbuka sawasawa. Ukilala na kuamka, lililobaki ni la daftari. Amri ya kwanza ni deni la kichwani. Ya pili ni daftari.

Na si programu tu. Mashine ya aina hiyo inahitaji pia ruhusa ya kupitisha data kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ruhusa hiyo nayo unaweza kuitoa kwa mdomo, ikapotea mashine ikizimwa, au ukaiandika kwenye faili la mipangilio, ikabaki. Ruta za Cisco ambazo ofisi nyingi zinatumia ni vilevile: kuna mipangilio inayotumika sasa, na kuna mipangilio itakayosomwa ruta ikiwashwa, na fundi asiponakili ya kwanza kwenye ya pili, stima ikikatika ruta inaamka na akili ya zamani. Kila fundi tuliyeongea naye amewahi kuanguka kwenye shimo hili. Walituambia wakicheka, ile cheko ya mtu anayekumbuka aibu yake.

Lililotuumiza zaidi ni mlango. Fundi wa zamu usiku ule alikuwa nyumbani Kapsoya. Kawaida angefungua kompyuta yake, aingie kwenye mashine kwa mbali, atoe amri moja, amalize. Lakini programu inayofungulia mafundi mlango wa mbali nayo haikuwa imeandikwa kwenye daftari la karani wa pili. Ufunguo ulikuwa umefungiwa ndani ya nyumba. Ikabidi atafute usafiri kwenye mvua, mabodaboda wamejificha chini ya vibanda, maji yamejaa barabarani, afike, amtafute mlinzi mwenye funguo za chumba. Saa tatu na dakika nne alikaa chini. Saa tatu na dakika tano malipo yakaanza kupita.

Dakika moja ya kazi. Saa mbili za kuifikia.

Si sisi peke yetu, na hatusemi hivyo kujitetea. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilitoweka dunia nzima kwa karibu saa sita. Chanzo kilikuwa tofauti na chetu, amri iliyokosewa wakati wa matengenezo, lakini sehemu ya kucheleweshwa ni ileile: njia ambayo mafundi wangetumia kurekebisha kwa mbali ilianguka pamoja na kilichoharibika, ikabidi watu waende kwa miguu yao hadi kwenye majengo yenye mashine. Na walipofika hawakuwasha kila kitu kwa mpigo, kwa kuhofia kwamba mzigo wote ukirudi mara moja ungeangusha mitambo upya. Kampuni yenye pesa zote zile.

Karibu na nyumbani, Ijumaa usiku ya tarehe 25 Agosti 2023 giza lilishika karibu Kenya nzima. Wengi wenu mnakumbuka mlikuwa wapi. Kilichowaudhi Wakenya zaidi hakikuwa stima kukatika, hilo tumelizoea, hata nyani mmoja aliwahi kuizima nchi nzima mwaka 2016 kwa kuangukia transfoma pale Gitaru. Kilichowaudhi ni uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Jenereta ilikuwepo. Ilinunuliwa kwa ajili ya usiku kama ule. Usiku ule ikakataa kuwaka, abiria wakakaa gizani, na waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, akaomba radhi hadharani na mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akapoteza kazi. Kabla ya mwaka kuisha giza la nchi nzima likaja tena mara mbili, Novemba na Desemba.

Sisi tulicheka pamoja na wengine mtandaoni kuhusu ile jenereta. Tulikuwa na jenereta yetu ndani ya chumba cha mashine, tofauti ni kwamba yetu ilikuwa na taa za kijani.

Hapa tukiri jambo ambalo si la mafundi, ni letu. Kwenye chumba kile kila mashine ina hesabu ya muda iliokaa bila kuzimwa. Mafundi huipenda hesabu hiyo kama mtu anavyopenda odometa ya gari lake. Karani wa pili alikuwa amefikisha siku 190. Unajua nani alifurahia zaidi? Sisi. Tulipoambiwa tuliibeba mbio tukatengeneza bango: "Siku 190 bila kuzima hata mara moja." Likapendwa. Likasambazwa. Tulilisoma kama ushahidi wa uimara. Kumbe hesabu ileile inasomeka pia hivi: siku 190 bila mtu yeyote kujua kama mashine hii ikilala itaamka. Bango tulishaliondoa.

Msimamo wetu sasa ni kwamba mashine ya malipo ambayo haijawahi kuzimwa kwa makusudi haifai kusifiwa, na kampuni yoyote ya malipo, tukianza na hii yetu, inapaswa kuzima makarani wake kwa ratiba, mmoja mmoja na kisha wote kwa pamoja, na kuangalia nani anaamka bila kusaidiwa. Hatusemi kusoma orodha na kuweka alama ya tiki. Mafundi walikuwa na orodha, na mtu aliweka tiki kwenye mstari wa "programu inafanya kazi" akiwa mkweli kabisa, maana ilikuwa inafanya kazi. Tunasema kuchomoa waya.

Tulipopeleka wazo hili kwenye kikao tulipingwa, na si kwa upuuzi. Pingamizi la kwanza lilitoka kwa fundi mkongwe kuliko wote, na tunaliheshimu. Alisema si kila kitu kinafaa kuamka chenyewe. Seva yenye rekodi za pesa ikianguka ghafla katikati ya kuandika, inaweza kuwa na mistari iliyokatika. Ukiiacha iamke na kuanza kupokea malipo bila mtu kuikagua, unaweza kuharibu hesabu za watu elfu kwa dakika tano, na hapo utatamani zile saa mbili za giza. Kuna hatari nyingine pia: makarani wawili wakiamka kwa wakati mmoja na salamu zao hazifikiani, kila mmoja anaamini mwenzake amekufa, na wote wawili wanashika anwani moja. Ni steji yenye makarani wawili wanaopiga kelele tofauti.

Alitushawishi nusu. Tunakubali kwamba mwenye daftari la pesa akizimia, akiamka aulizwe jina lake kwanza kabla ya kupewa kalamu. Lakini karani wa steji hana daftari. Hashiki rekodi ya mtu. Akiamka mwenyewe hata kabla ya magari kuwa tayari, hakuna atakayeumia, maana anagonga kila seva na isiyojibu haipelekei mtu. Anakaa tu anangoja. Na mteja anayejaribu kulipa wakati huo anapata jibu la wazi kwamba huduma haijarudi, badala ya simu kuzungusha kiduara mpaka betri inaisha. Kwa hiyo karani aamke mwenyewe, mlango wa mafundi uamke wenyewe, na mpangilio uwe wa hatua: mtandao kwanza, halafu seva za rekodi baada ya kukaguliwa, halafu programu zinazopokea malipo. Fundi mkongwe alisema hilo analiweza. Halafu akaongeza kwamba amekuwa akiliomba kwa mwaka mzima, na hakuna aliyempa ruhusa ya kuzima chochote kwa sababu watu wa masoko hawataki kusikia neno "kuzima". Alisema hivyo akitutazama.

Pingamizi la pili lilikuwa la saa. Uzime lini? Sisi tulidhani ni rahisi, alfajiri. Lakini wapi. Eldoret ikiwa mji mkubwa ilikuwa hailali, na tangu ipewe hadhi ya jiji Agosti 2024 ndio kabisa. Saa kumi alfajiri wa maziwa wanalipana, watu wa Moiben na Ainabkoi wanapakia. Saa kumi na moja matatu za kwanza, na wanariadha wameshatoka kukimbia na wanataka chai. Saa sita usiku mabasi ya Malaba na Kampala yanapita, abiria wanashuka kununua chakula, malori yanajaza mafuta Uganda Road. Wakati wa kuvuna mahindi hata Jumapili si Jumapili. Tuliangalia mwendo wa malipo yetu wenyewe na kupata kwamba bonde lake la chini kabisa ni kati ya saa nane na saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu. Hata hapo kuna watu. Kuna mtu amekaa nje ya hospitali anatafuta dawa. Tunamjua mmoja, kijana aliyetuandikia baada ya ile mvua: duka la dawa lilimpa dawa za mtoto akiacha kitambulisho, kwa sababu malipo hayakupita na hakuwa na pesa taslimu. Mwenye duka alikuwa na utu. Angekosa utu, tungekuwa tunaandika makala nyingine.

Ndio maana hatukubaliani na wale waliosema basi tusimwambie mteja, tuzime kimyakimya dakika ishirini nani atajua. Yule kijana angejua. Mtu akiambiwa siku tatu mapema, anaweza kutoa mia tano akaweka mfukoni. Asipoambiwa, ni sisi tena na "hitilafu ya stima".

Tukiwa hapo hapo, maneno mawili matatu kuhusu wewe uliyeshika simu siku malipo yanapokwama, maana kuna kitu unaweza kufanya na kuna kitu hufai kufanya. Usilipe mara ya pili papo hapo. Ombi lako la kwanza huenda limefika na jibu ndilo lililokwama njiani. Angalia salio kwanza. Likiwa limepungua, pesa imetoka hata kama ujumbe haujaja. Usiku ule watu kadhaa walibonyeza mara tatu kwa hasira, wakalipa mtungi mmoja mara mbili, na kuwarudishia kulichukua siku. Ukiwa muuzaji, usiachilie bidhaa kwa kuonyeshwa skrini ya mteja usiyemjua. Angalia taarifa ya akaunti yako mwenyewe. Saa za mtambo kuwa chini ndizo saa za wenye jumbe za kutengeneza. Na akikupigia mtu akisema anatoka kwetu, anarudisha mtambo, anahitaji nambari yako ya siri ili "kukuwasha", mkatie simu. Amri tuliyoieleza hapo juu haina mahali popote inapohitaji siri ya mteja.

Wenye maduka, hoteli na vituo vya mafuta, kuna jingine lenu. Wengi siku hizi mna ruta yenye laini mbili, ya waya na ya kadi ya simu, inayogawa mzigo kati ya laini hizo na kuhamia moja nyingine ikikatika. Huyo naye ni karani, mdogo tu. Mna kompyuta kibao ya kupokea oda, mna printa ya risiti, labda na programu ya hesabu. Je, stima ikikatika na kurudi vyote vinaamka vyenyewe, au kuna kijana mmoja anayejua kubonyeza mahali fulani, na kijana huyo Jumapili hayupo? Hoteli moja tuliyoitembelea mjini walidhani mtandao wao ni mbovu. Haukuwa mbovu. Laini ya pili ilikuwa imewekwa na fundi kwa mkono, hakuhifadhi mipangilio, na kila stima ikikatika ruta inasahau kwamba ina laini ya pili. Walikuwa wakilipia laini hiyo kila mwezi.

Mchague saa tulivu, wateja hawapo. Chomoeni ruta ukutani, hesabu mpaka thelathini, rudisheni. Kaeni mikono mfukoni, msiguse kitu kwa dakika tano. Halafu jaribuni kupokea shilingi kumi. Isipopita, muiteni fundi aliyeweka, na msimwambie "mtandao unasumbua", kwa sababu atakuja, ataukuta unafanya kazi, ataondoka. Mwambieni: nikiizima na kuiwasha, hiki hakirudi.

Tulimpigia tena mama wa Langas. Tulimweleza yote haya, hata lile la bango. Alisikiliza, akauliza kama karani aliyeungua ameshabadilishwa. Ameshabadilishwa. Akauliza kama wa pili sasa ameandikwa kwenye daftari. Ameandikwa. Akauliza mmejuaje, tukamwambia tutamzima tuone. Wale wadeni wawili, akasema, mmoja amelipa.

Zoezi letu la kwanza litakuwa usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu, mwisho wa mwezi huu, kuanzia saa nane kamili hadi saa nane na dakika ishirini. Mtapata ujumbe siku tatu kabla na mwingine jioni ile. Ukijaribu kulipa ndani ya dakika hizo utajibiwa kwamba tumezima kwa makusudi na pesa yako haijatoka. Asubuhi ya Jumatatu tutaandika hapa nani aliamka na nani hakuamka, na kama fundi alilazimika kutoka Kapsoya tena, tutaandika alitumia dakika ngapi njiani.